Nani Aliyelifanya Jina la "Mswahili" Kuwa Tusi?

Ndugu walimu wenzangu, nina ugomvi nanyi, na ugomvi huu nauanza kwa kujishitaki mwenyewe. Mwaka 2016 nilikuwa nikifundisha Kiswahili katika shule moja ya Kabezi, kando ya barabara itokayo Bujumbura kwenda Rumonge, mahali ambapo mtu akisimama mlangoni pa darasa huliona ziwa. Somo la siku hiyo lilihusu kazi za wazazi. Nikamwuliza mvulana mmoja wa dawati la nyuma kazi ya baba yake. Akasimama wima, akajibu bila kusitasita: "Baba iko ku ziwa, anavuaka mukeke." Darasa zima likaangua kicheko, na mmoja akapaza sauti: "Umuswahili!" Nami, badala ya kumkemea aliyetukana, nilicheka pamoja nao. Kisha nikaandika ubaoni, "Baba yupo ziwani, huvua migebuka," nikawaonya wanafunzi wasiniletee Uswahili katika somo la Kiswahili.

Naomba msomaji aitazame tena sentensi hiyo ya mwisho. Ni mwalimu gani wa Kifaransa aliyepata kuwaonya wanafunzi wasimletee Ufaransa darasani? Ni mwalimu gani wa Kirundi amkatazaye mtoto kuwa Mrundi mpaka kengele ya somo lake ilie? Mimi niliitamka sentensi hiyo mchana kweupe, mbele ya watoto hamsini na zaidi, wala hapana aliyeshangaa. Mvulana yule hakunyosha mkono tena katika somo langu hadi mwaka wa shule ulipokwisha. Alikuwa ndiye mtoto pekee wa darasa lile aliyekuja shuleni akiwa anakisema Kiswahili tayari. Mimi niliyelipwa mshahara ili nikifundishe, ndimi niliyemnyamazisha.

Tulitazame basi jina lenyewe. Asili yake haina fumbo. Waarabu husema sahil kwa maana ya pwani, na wingi wake ni sawahil. Ibn Battuta, aliyezuru Mombasa na Kilwa mwaka 1331, aliitaja nchi ya Sawahil. Kwa asili, basi, Mswahili ni mtu wa pwani, hakuna zaidi. Lakini muulize Mrundi wa kawaida maana ya umuswahili, uone atakavyokujibu. Atakuambia kwanza kwamba ni Mwislamu. Kisha atakuambia ni mtu wa mjini, asiye na shamba wala ng'ombe, aishiye kwa biashara ndogo ndogo. Na akikuamini vya kutosha atakuambia lililo chini kabisa ya kapu: kwamba ni mtu mjanja, mwenye maneno mengi, ambaye ukimkopesha pesa usitazamie kuziona. Dini, makazi, kazi na tabia, vyote vimefungwa katika jina moja, na lugha imefungwa humo humo pamoja navyo.

Fungu hili halikujifunga lenyewe. Kiswahili kilifika ufuko huu wa Tanganyika kwa misafara ya karne ya 19 iliyopitia Tabora na Ujiji, na pamoja nacho zikafika bidhaa, dini mpya, na pia bunduki na biashara ya watumwa. Hilo la mwisho tusilifiche. Mtu wa mlimani aliyemwogopa mgeni wa ziwani alikuwa na sababu zake, na jina la Rumaliza wa Ujiji halikukumbukwa kwa wema. Walakini hofu ya miaka ile ingekwisha na watu wa miaka ile, kama isingepata walezi wapya. Wajerumani, walioweka kituo chao Usumbura mwaka 1897, walikitumia Kiswahili katika uaskari na utawala, kama walivyofanya kote katika koloni lao la Afrika ya Mashariki. Hivyo lugha hii ikanuka pia amri na kiboko. Wabelgiji walipoichukua nchi mwaka 1916 na kuanza kuitawala, waliwatenga Waswahili katika makazi yao ya mjini, wakawaweka nje ya mamlaka ya machifu, kana kwamba ni watu wasio na kwao. Mtaa wa Buyenzi mjini Bujumbura ndio mtoto wa siasa hiyo, kama ulivyo Biryogo huko Kigali. Nao mapadri wengi, ambao ndio walioshika shule, walikiona Kiswahili kuwa mlango wa Uislamu, wakaufunga. Mtoto akasoma Kirundi na Kifaransa; Kiswahili kikabaki sokoni, gereji, kambini na ziwani. Lugha iliyozuiwa kuingia shuleni ikaja kulaumiwa kwamba ni lugha ya wasiosoma! Hapo ndipo tusi lilipokamilika.

Msidhani naielekezea kidole Burundi peke yake. Ndugu zetu wa Tanzania, ambao twawatazama kama wenye nyumba ya lugha hii, wanao Uswahilini wao, yaani mitaa iliyosongamana isiyo na mpango; na mtu akichelewa miadi huambiwa ameleta mambo ya Kiswahili. Watu wale wale walioifanya lugha kuwa fahari ya taifa wanalitumia jina la wenye lugha kwa maana ya uzembe na hila. Nyani haoni kundule. Na huko ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo, mambo yalikwenda kwa njia nyingine yakafika pale pale. Watu wa misafara walijiita waungwana, jina la heshima la mtu huru, asiye mtumwa. Usemi wao ukaitwa Kingwana, na kwa jina hilo ukaandikiwa kitabu cha sarufi na wamisionari Whitehead mwaka 1928. Lakini kadiri miaka ilivyopita, neno Kingwana likawa vinywani mwa wataalamu na wasafiri jina la Kiswahili kilichovunjika, Kiswahili cha kuchekwa. Jina la uungwana likageuzwa kuwa jina la upungufu. Msemaji akidharauliwa, hata jina zuri halimwokoi.

Mwenzangu mmoja afundishaye Kiingereza aliwahi kunisimulia jambo lililonifanya niyawaze haya upya. Kaskazini mwa Uingereza, kwenye mto Tyne, upo mji wa Newcastle, ambao kwa karne nyingi uliishi kwa makaa ya mawe na kwa mashua zilizoyabeba hadi melini. Watu wa huko huitwa Geordie, na usemi wao huitwa kwa jina hilo hilo. Ni jina la utani tu, kifupisho cha George. Wengine husema walipewa kwa kuwa walisimama upande wa mfalme George katika maasi ya mwaka 1745. Wengine husema ni kwa sababu ya taa ya mchimba madini aliyoibuni George Stephenson mwaka 1815. Hapana aliye na hakika. Jambo lijulikanalo ni kwamba usemi huo ulichekwa sana, ukahesabiwa kuwa ni wa wachimbaji na wabeba mizigo wasiojua Kiingereza. Mtoto wa huko husema bairn kwa maana ya mtoto, na husema gan kwa maana ya kwenda. Hayo yalionekana makosa, kumbe ni maneno ya Kiingereza cha kale kabisa, yaliyotunzwa kinywani mwa watu wa makaa wakati London ilipokwisha kuyasahau! Leo mtu wa Tyne hujiita Geordie kwa kujivuna, na atakayemwambia kwamba hajui Kiingereza ataonekana yeye ndiye mjinga.

Sikulileta jambo hili ili tuwaige Waingereza. Tumewaiga vya kutosha. Nimelileta kwa sababu liliniuma. Sheria ya lugha ya mwaka 2014 ilikiweka Kiingereza kuwa lugha rasmi ya Burundi pamoja na Kirundi na Kifaransa, na Kiswahili, kilichosemwa katika soko la Rumonge kabla babu zetu hawajasikia neno moja la Kiingereza, hakikupewa cheo hicho. Basi mwenzangu yule aweza kumsifu mbele ya wanafunzi wa Kabezi mvuvi wa Tyne ambaye hawatamwona maishani mwao, huku mimi, chumba cha pili, namfuta ubaoni mvuvi wa Kabezi ambaye ni baba wa mmoja wao.

Na nilimfuta kwa haki gani? Hebu turudi kwenye ile sentensi yake, tuipime kama walimu tunaojua kazi yao. "Anavuaka." Niliihesabu kuwa kosa la kwanza. Mvulana alitaka kusema kwamba baba yake huvua kila siku, ndiyo kazi yake. Kiswahili Sanifu hutumia hapo kiambishi hu-. Usemi wa ziwani na wa Kongo humalizia kitenzi kwa -aka. Je, hiyo -aka imetoka wapi? Mrundi yeyote angepaswa kuitambua mara moja, maana Kirundi kina -aga yake, kama asemapo mtu yakoraga kwa maana ya kwamba alikuwa akifanya kazi. Wataalamu wa lugha za Kibantu wamekwisha kutueleza kwamba viambishi hivi ni vya ukoo mmoja, urithi wa lugha mama ya Kibantu, vikionyesha tendo lenye kuendelea au kurudiwarudiwa. Watu wengi wa bara la Tanzania nao husema "anaendaga" na "anakujaga" bila kufundishwa na mtu. Sanifu ndiyo iliyoupoteza urithi huo. Mvulana wangu alikuwa ameshika kitu cha kale kuliko sarufi niliyokuwa nayo mkononi, nami nikamwambia akitupe.

"Ku ziwa" je? Ni kweli Sanifu husema ziwani. Lakini ku- ya mahali i hai katika Kirundi, i hai katika Kiswahili cha Kongo, na hata katika Sanifu yenyewe imo, imejificha katika upatanisho: ziwani kuna samaki, huku ni kwetu. "Baba iko" ni tofauti iliyo wazi zaidi, maana Sanifu humtaka baba apewe "yuko" au "yupo" kama kiumbe mwenye uhai. Hiyo ningemfundisha, na ningefanya vyema kumfundisha. Ila kufundisha ni jambo moja na kucheka ni jambo jingine.

Likabaki neno la mwisho, mukeke, na hapa ndipo aibu yangu ilipo kubwa. Nililibadili kuwa migebuka kwa kuwa ndivyo wasemavyo Kigoma, nami niliona kwamba lisemwalo Tanzania ndilo Kiswahili. Samaki ni yule yule, ziwa ni lile lile, maji ni yale yale. Ngalawa ikitoka Rumonge usiku na taa zake haipiti mpaka wowote ambapo mukeke hugeuka mgebuka. Ni nani aliyetoa hukumu kwamba jina la upande wa kusini ni sanifu na la upande wa kaskazini ni ushenzi? Wavuvi wetu wana ndagala, ambao wa Kigoma huwaita dagaa, na mtu aweza kuona kwa macho tu kwamba ni neno moja lililovaa nguo mbili. Wana sangala, wana kuhe. Wana majina ya pepo za ziwani, ya aina za nyavu, ya sehemu za chombo, na ya saa za usiku kufuatana na mwezi, kwa kuwa ndagala hufuata taa na taa haifai kitu penye mbalamwezi. Hazina hiyo ya maneno haimo katika vitabu vyetu vya darasani. Vitabu vyetu vina mnazi na jahazi, na mtoto wa Rumonge, aliyekulia katikati ya michikichi na harufu ya mawese, hukariri nazi ambayo hajapata kuikuna.

Wako watakaoniambia: "Ndugu, unataka kuvunja Sanifu. Mtihani ni mmoja, Jumuiya ni moja, na kila ufuko ukishika lake tutasikilizana vipi?" Hoja hii naiheshimu, lakini hainitishi. Sanifu yenyewe si maji yaliyotoka mbinguni. Ni Kiunguja, usemi wa mji mmoja, uliochaguliwa katika mkutano wa Mombasa mwaka 1928, kisha ukakabidhiwa Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930. Kamati hiyo ilikuwa ya Kenya, Tanganyika, Uganda na Zanzibar, nchi nne zilizokuwa chini ya Mwingereza. Hapana mtu wa Rumonge aliyeulizwa, wala wa Uvira, wala wa Bukavu. Wala watu wa Mombasa wenyewe, wenye Kimvita na washairi wao, hawakufurahi wote. Sisemi kwamba uchaguzi ule ulikuwa mbaya. Umetupatia magazeti, kamusi na vitabu ambavyo bila huo tusingekuwa navyo. Nasema tu kwamba ulikuwa uchaguzi wa watu, kwa sababu za watu, na kwamba lahaja iliyochaguliwa haikuwa safi kuliko zilizoachwa. Mwalimu asiyelijua hilo huifundisha Sanifu kama kadhi atoavyo hukumu.

Tena sitaki mwanafunzi aandike "anavuaka" katika karatasi ya mtihani wa taifa. Aandike "huvua." Nataka tu aambiwe kwamba nyumbani tunasema hivi, kitabuni tunaandika vile, na tofauti yake ni hii. Maneno hayo yanachukua dakika mbili. Kicheko changu kilichukua nusu dakika, na kilimgharimu mtoto mwaka mzima.

Jambo hili lina uzito zaidi katika nchi yetu kuliko lingekuwa nalo mahali pengine. Mwaka 1972, machafuko yaliyoanzia pande hizi hizi za Rumonge na Nyanza-Lac, na mauaji yaliyofuata nchini kote, yaliwakimbiza watu wengi hadi Tanzania, katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Watoto wao walizaliwa huko, wakasoma kwa Kiswahili. Kuanzia mwaka 2008 wengi walirudi, wakakuta mashamba ya baba zao yana watu wengine, na kesi zake zimechosha mabaraza. Mtoto aliyerudi hivyo huingia darasani akiwa na kitu kimoja tu ambacho anakimiliki bila kesi na mtu, nacho ni Kiswahili chake. Akiitwa umuswahili siku ya kwanza, tena kwa sauti ile, ameambiwa kwamba hata hicho si mali bali ni doa. Kirundi chake hakijanyooka, Kifaransa hana, na Kiswahili kinamletea kicheko. Atasema kwa lugha gani?

Twajua vilevile kuhutubia. Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na tangu siku hizo Kiswahili kimo katika ratiba ya shule za msingi. Mwaka 2021 UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Nimekaa katika sherehe za namna hiyo, nimesikia hotuba zikiisifu lugha ya umoja, lugha ya Afrika, lugha ya kesho, na mhutubu mmoja alikuwa amevaa kanzu aliyoiazima kwa ajili ya siku hiyo. Kesho yake nikamsikia yule yule, barazani, akimweleza mwenzake kwa nini hakumkodishia nyumba mtu fulani: "Ni umuswahili bwana, unawajua." Lugha tunaipigia makofi, mwenye lugha hatumpi chumba.

Pendekezo langu kwa mkutano ujao wa chama chetu ni dogo, na natumaini wahariri hawatalikata. Kwanza, mwalimu wa Kiswahili asilitumie jina la Mswahili, wala neno Uswahili, kwa maana ya ujanja au uchafu wa lugha, si darasani wala katika chumba cha walimu. Na mwanafunzi alitumiaye hivyo akanywe kama akanywavyo atukanaye kabila la mtu. Likitumika, litumike kwa maana yake ya asili. Mswahili ni mtu wa pwani, na ufuko wa Rumonge una mchanga, una mawimbi, una bandari. Sioni mtu wa Kabezi amekosa nini hata asistahili jina hilo. Pili, kila mwalimu aliye kwenye ufuko, kuanzia Gatumba hadi Nyanza-Lac, awe na daftari la maneno ya wavuvi, wakamuaji wa mawese na wachuuzi wa mahali pake, ayaandike kama yanavyotamkwa, na aeleze matumizi yake. Madaftari hayo yaletwe kwa chama, yachapishwe kidogo kidogo katika kurasa hizi. Wako watakaosema kazi hiyo ni ya wataalamu wa vyuo vikuu. Wataalamu hao hawakai Kabezi, sisi twakaa.

Daftari langu nimekwisha kulianza. Kurasa tatu za kwanza ni majina ya samaki na ya nyavu, na aliyenipa zaidi ya nusu yake ni kijana mmoja ninayemkuta mwaloni asubuhi, chombo kinapofika. Ana mashua yake sasa. Mara ya kwanza nilipomfuata na kalamu alinitazama kwa muda mrefu, akauliza kama nitaandika "mukeke" au "mgebuka." Nikamwambia nitaandika yote mawili, lake likitangulia.